Damu ya mhudumu wa kituo cha mafuta ipimwe siku ya kwanza ya kazi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ni miongoni mwa matangazo ya Serikali yanayosubiriwa zaidi nchini. Asubuhi hiyo dereva wa daladala wa Mbagala na kijana wa bodaboda wa Tegeta huwa wamekwisha kujua ni shilingi ngapi zimepanda au kushuka kwa lita. Mjadala wa siku nzima huwa juu ya bei, na ni haki yake, kwa kuwa bei ya mafuta hugusa nauli, unga na hata mchanga wa kujengea. Lakini yupo mtu anayesimama kati ya bei hiyo na tangi la gari, ambaye mjadala humpita bila kumwona. Mtu huyo ni mhudumu wa kituo cha mafuta.

Makala haya yanamhusu yeye, na hasa yanahusu kitu ambacho hakisomeki kwenye pampu wala kwenye stakabadhi: mvuke anaouvuta kila siku akiwa kazini.

Anayetaka kuielewa kazi hii na asimame kwa saa moja katika kituo chochote kando ya Barabara ya Kilwa, kuanzia Mtoni hadi Mbagala Rangi Tatu, au kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mwenge hadi Bunju. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,346,674 katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni, na sehemu kubwa ya watu hao husafiri kila siku kwa vyombo vinavyotumia petroli au dizeli. Hapa kwetu mteja hajijazii mafuta mwenyewe kama ilivyo katika nchi nyingi za Ulaya. Kuna mtu wa kumjazia. Na sehemu kubwa ya wateja wa pembezoni mwa jiji hawajazi tangi, bali hununua mafuta kidogo kidogo kulingana na mfuko. Bodaboda huingia kituoni asubuhi, hurudi mchana, na jioni huwa yupo tena.

Jambo hilo linaonekana dogo, kumbe lina uzito wake kiafya. Gari linaloweka lita 50 hufunguliwa tangi mara moja. Lita hizo hizo zikigawanywa kwa pikipiki 25, matangi hufunguliwa mara 25, na kila mara mhudumu huinama juu ya mdomo mpana ulio wazi akiwa ameishika nozeli kwa mkono ili mafuta yasimwagike kwenye injini yenye moto. Uso wake huwa karibu na mdomo wa tangi kuliko uso wa mtu mwingine yeyote, akiwamo mwenye pikipiki ambaye kwa kawaida hurudi nyuma hatua moja.

Tangi tunaloliita tupu kwa kweli si tupu. Limejaa hewa yenye mvuke wa petroli, na kila lita ya mafuta inayoingia husukuma nje takribani lita moja ya hewa hiyo. Kanuni ni ile ile kwa tangi la ardhini: lori linaposhusha lita elfu kadhaa za petroli, ujazo unaolingana na huo wa hewa yenye mvuke hutafuta njia ya kutokea, ama kupitia bomba la kupumulia la kituo, ama kurudi kwenye lori iwapo kituo na lori vina mfumo wa kuurejesha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea kama moshi wa kuni. Hutambaa chini, hujikusanya palipo na kuta, na hukaa hasa mahali ambapo upepo haupiti vizuri. Joto la Dar es Salaam huongeza kasi ya petroli kugeuka mvuke. Kituo kilichobanwa kati ya majengo mawili, saa saba mchana wa mwezi Februari, si sawa na kituo kilicho wazi wakati wa upepo wa kusi.

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, lakini inayowashughulisha zaidi wataalamu wa afya ni benzini. Jina hili lisimchanganye msomaji: wapo wazee na majirani zetu wengine wanaolitumia kumaanisha petroli yenyewe. Hapa tunazungumzia kemikali moja iliyo ndani ya petroli kwa kiasi kidogo. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa asilimia 1 ya ujazo kuanzia mwaka 2000, na Marekani ilianza mwaka 2011 kuzitaka kampuni za kusafisha mafuta zifikie wastani wa asilimia 0.62. Ukomo huo uliwekwa kwa sababu benzini inayoingia kwa pumzi au kupitia ngozi hufika kwenye ini, ambako huvunjwavunjwa na kuwa viambata vinavyokwenda kudhuru uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa.

Ujuzi huu ni wa zamani. Mwaka 1897 daktari wa Sweden, Carl Gustaf Santesson, alieleza vifo vya wanawake waliokuwa wakitengeneza matairi ya baiskeli mjini Uppsala, ambao miili yao ilikuwa imeshindwa kutengeneza damu. Katika miaka ya 1970, Muammer Aksoy wa Uturuki alionesha uhusiano kati ya gundi yenye benzini na saratani ya damu miongoni mwa washona viatu wa Istanbul. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka benzini katika Kundi la 1, ambalo ni la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kwa zaidi ya miaka 40 sasa. Moshi wa injini za dizeli uliingizwa katika kundi hilo mwaka 2012. Na mwaka 2025 wataalamu wa shirika hilo walikwenda hatua moja mbele na kuiweka petroli ya magari yenyewe katika Kundi la 1, wakitaja saratani ya kibofu cha mkojo na aina moja kali ya saratani ya damu.

Ni muhimu kuelewa uainishaji huo unasema nini. IARC hueleza iwapo kitu kinaweza kusababisha saratani. Haisemi kwamba kila anayekigusa ataugua. Hatari hutegemea kiasi, muda na namna mtu anavyokutana na kemikali hiyo. Mteja anayekaa kituoni dakika tatu kwa wiki hana sababu ya kukosa usingizi. Anayekaa hapo siku sita kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, yuko katika hesabu nyingine kabisa.

Kwa nini basi tahadhari hii haisikiki? Jibu mojawapo ni kwamba tumejifunza kuogopa mafuta kwa sababu ya moto. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro, watu wakakusanyika kuchota petroli, na mlipuko uliofuata uliua watu zaidi ya 100. Taifa liliomboleza, na funzo likaeleweka hata kwa mtoto. Katika kila kituo cha mafuta, ambacho wengi wetu bado tunakiita sheli, kuna mabango: zima injini, usivute sigara, usitumie simu. Yote hayo yanahusu cheche. Bango linalomwambia mhudumu asiuvute mvuke ni adimu. Moto huua mchana kweupe mbele ya kamera. Benzini hufanya kazi yake taratibu, na inapomaliza, mhusika huenda aliacha kazi hiyo siku nyingi na sasa anauza duka Chamazi au analima Mkuranga.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo makala haya yanataka kulieleza kwa kina, kwa kuwa ndilo linaloamua kama sheria zetu nzuri zitamfikia mhudumu au zitabaki kwenye kabati.

Dalili za awali za kuvuta mvuke wa petroli ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha na uchovu. Benzini inapoanza kuudhuru uboho, chembe nyekundu hupungua na mtu huwa na upungufu wa damu; chembe nyeupe hupungua na mtu huugua mara kwa mara; chembe sahani, ambazo huzuia damu kuvuja, hupungua na fizi huanza kutoa damu au michubuko kujitokeza bila sababu. Sasa mhudumu huyo anakwenda zahanati ya Mbagala au Kawe akiwa na kichwa kinachouma, uchovu na damu pungufu. Katika mazingira yetu daktari atafikiria nini kwanza? Atafikiria malaria, na atakuwa sahihi kufanya hivyo. Kisha atafikiria minyoo, upungufu wa madini ya chuma, selimundu, au kwa mwanamke, ujauzito na hedhi nyingi. Yote hayo yapo na ni ya kawaida kuliko sumu ya benzini. Mgonjwa atapewa dawa, atapumzika siku tatu mbali na kituo, atajisikia nafuu, kisha atarudi kazini. Nafuu yenyewe itaonekana kuwa uthibitisho kwamba dawa imefanya kazi, ilhali huenda kilichofanya kazi ni zile siku tatu za hewa safi.

Nchi ambayo upungufu wa damu una vyanzo vingi inahitaji kitu kimoja zaidi kuliko nchi zisizo na malaria: kujua damu ya mfanyakazi ilikuwaje kabla hajashika nozeli. Kipimo kinachohitajika ni cha kawaida, cha kuhesabu chembe zote za damu, ambacho madaktari wetu hukiita picha kamili ya damu. Kinapatikana katika hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala na katika vituo vingi binafsi. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na mauzo ya kituo kwa siku moja. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi, kwa sababu kiwango cha damu hutofautiana kati ya mtu na mtu. Lakini vipimo vitano vya mtu yule yule, vya miaka mitano, vikipangwa kwenye karatasi moja, huonesha mwelekeo. Chembe nyeupe zinazoshuka mwaka hadi mwaka kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine ni taarifa ambayo daktari yeyote makini hataipuuza. Bila kipimo cha siku ya kwanza, mstari huo hauna mahali pa kuanzia.

Kipimo hiki kina mipaka na haifai kukitukuza kupita kiasi. Damu inaweza kuonekana ya kawaida wakati mtu anavuta benzini kila siku, na namna bora ya kujua kiasi alichovuta ni kupima viambata vya kemikali hiyo kwenye mkojo, huduma ambayo haipatikani katika maabara za kawaida. Hata hivyo, kati ya kusubiri kipimo kamili na kutumia kilichopo, busara ni kutumia kilichopo.

Sheria haina upofu katika jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi, afanye tathmini ya vihatarishi, atoe vifaa kinga, na ahakikishe wafanyakazi walio kwenye vihatarishi wanapimwa afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara wakiwa kazini. Kwa maneno mengine, kipimo cha siku ya kwanza ni takwa la sheria tangu mwaka 2003. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 nayo inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na inakataza mwajiri kumweka mjamzito au mama anayenyonyesha kwenye kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kifungu hicho kinastahili kusomwa kwa sauti katika vituo vya mafuta, ambako wahudumu wengi ni wanawake vijana, kwa kuwa benzini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Suala la saa za kazi nalo si la mshahara tu. Viwango vya kimataifa vya benzini hewani huhesabiwa kwa zamu ya saa 8. Umoja wa Ulaya ulishusha ukomo wake hadi nusu ya sehemu moja katika kila sehemu milioni za hewa mwezi Aprili 2024, na ukapanga ushuke tena hadi sehemu 0.2 kuanzia Aprili 2026. Mhudumu anayefanya zamu ya saa 12 huvuta hewa hiyo kwa nusu ya muda zaidi na hubaki na saa chache za mwili kujisafisha. Kwa hiyo hata kama hewa ya kituo ingekuwa ndani ya ukomo huo, yeye binafsi anaweza kuwa ameuvuka. (Si kila cha wakubwa ni cha kuiga. Marekani, ambayo nayo ina taasisi iitwayo OSHA, iliweka kanuni ya benzini mwaka 1987, lakini kanuni hiyo ikaacha nje uuzaji wa petroli vituoni.)

Akiugua, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mfuko huu hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu wa muda na wa kudumu, na huwalipa wategemezi iwapo mfanyakazi atafariki kutokana na kazi. Michango hutolewa na mwajiri peke yake, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Kiwango cha sekta binafsi kilishushwa kutoka asilimia 1 ya mishahara hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, ili kumpunguzia mwajiri mzigo. Mwenye kituo cha mafuta hawezi tena kusema kwamba mchango ni mkubwa mno. Aidha, magonjwa yanayosababishwa na benzini yamo katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kama ilivyoboreshwa mwaka 2010.

Tatizo ni ushahidi. Aliyevunjika mguu kazini ana tarehe, ana mashahidi na ana picha ya eksirei. Aliyeugua saratani ya damu miaka minane baada ya kuacha kazi ana nini? Sheria ya ajira inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Kwa madai ya mishahara na likizo, muda huo unatosha. Kwa ugonjwa unaoweza kuchukua miaka zaidi ya kumi kujitokeza, kumbukumbu zinaweza kuwa zimekwisha kuchomwa moto siku ambayo mgonjwa anazihitaji. Kanuni za Uingereza kuhusu kemikali hatarishi kazini zinataka rekodi ya ufuatiliaji wa afya itunzwe kwa angalau miaka 40, na sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu visababishi vya saratani kazini nayo inataja miaka hiyo hiyo. Tofauti kati ya 5 na 40 ni tofauti kati ya fidia na pole.

Ongeza hapo hali halisi ya ajira yenyewe. Mhudumu hufanya kazi Tandika mwaka mmoja, akahamia Yombo kwa sababu ya nyongeza kidogo ya mshahara, baadaye Boko kwa sababu ndugu yake ni msimamizi pale. Vituo navyo hubadilisha wamiliki. Bango la kampuni moja hushushwa na jingine kupandishwa. Mwenye mkataba wa maandishi anaweza angalau kuonesha alikuwa wapi na lini. Aliyeajiriwa kwa neno la mdomo hana hata hilo.

Mfano unaofaa kuangaliwa unatoka Brazili, nchi ambayo, kama Tanzania, mteja hajijazii mafuta. Sheria ya huko ya mwaka 2000 inakataza kabisa vituo vya kujihudumia. Kwa sababu hiyo Brazili ina wahudumu wengi, na mwezi Septemba 2016 ilitoa kanuni mahususi kwa ajili ya benzini katika vituo vya mafuta. Kanuni hiyo inataka damu ya mhudumu ipimwe kila baada ya miezi sita, matokeo yapangwe kwa mfululizo wa miaka, na mfanyakazi akabidhiwe nakala. Inakataza kuendelea kujaza tangi baada ya nozeli kujikata yenyewe. Inamtaka mwajiri afue sare za kazi badala ya mhudumu kwenda nazo nyumbani. Ni kanuni inayoonekana kuandikwa na watu waliowahi kusimama kituoni.

Kwa maoni ya mwandishi, hatua yenye manufaa ya haraka kwetu haihitaji sheria mpya. EWURA hutoa leseni za vituo, na OSHA hukagua maeneo ya kazi. Kila taasisi ina fomu yake na ziara yake. Iwapo uhuishaji wa leseni ya kituo ungeambatana na uthibitisho kwamba kila mhudumu amepimwa na amekabidhiwa nakala ya majibu yake, takwa la mwaka 2003 lingepata meno ambayo kituo cha mafuta kinayaogopa kweli. Wapo watakaosema vituo vidogo vitalemewa. Kituo kinachomudu kujenga tangi la ardhini na kununua shehena ya petroli kinamudu kupima damu za watu sita. Hata uamuzi wa kuondoa madini ya risasi kwenye petroli ulionekana mzito nchi za Afrika zilipoafikiana huko Dakar mwaka 2001, lakini kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa kusini mwa Sahara.

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo mambo ya kila siku yanayoweza kubadilika leo, na baadhi yanamhusu mteja. Nozeli inapojikata, tangi limejaa. Mteja anayesisitiza iongezwe hadi ifike elfu kamili, au anayetikisa gari ili liingie kidogo zaidi, anamlazimisha mhudumu aweke uso wake mdomoni mwa tangi kusikiliza mafuta yanavyopanda. Salio la shilingi mia nne lina njia nyepesi za kurudishwa.

Maziwa nayo yanahitaji kutajwa. Ipo imani iliyoenea sana, hata miongoni mwa waajiri wenye nia njema, kwamba glasi ya maziwa mwisho wa zamu husafisha kifua na kuondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaitoi benzini mwilini, kwa sababu benzini iliyovutwa huingia kwenye damu kupitia mapafu, si tumboni. Pakiti ya maziwa isihesabiwe kamwe kuwa ni kifaa kinga. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali tuliyoizoea wakati wa UVIKO-19, haizuii mvuke pia. Huzuia matone na vumbi. Mvuke huzuiwa na barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu, ambacho hubadilishwa kwa wakati, na hiyo inafaa zaidi kwa kazi fupi za hatari kubwa kama kupokea mzigo kutoka kwenye lori au kupima kina cha tangi kwa kijiti. Kwa kazi ya kawaida ya pampu, kinga kubwa ni hewa inayopita, kusimama upande unaotoka upepo, na zamu zisizozidi kiasi.

Glavu za pamba hunyonya petroli na kuigandamiza kwenye ngozi, hivyo ni afadhali mikono mitupu inayooshwa mara moja kwa maji na sabuni kuliko glavu ya pamba iliyolowa. Glavu zinazofaa ni za mpira wa nitrili. Tabia ya kunawa oili mikononi kwa petroli, ambayo mafundi na wahudumu wengi wanaiona ya kawaida, ni kuikaribisha benzini kupitia ngozi. Sare iliyomwagikiwa ivuliwe kituoni, isipelekwe nyumbani na kulowekwa beseni moja na nguo za watoto.

Na wale wanaovuta petroli kwa mpira na mdomo ili kuihamisha kutoka chombo kimoja hadi kingine waelewe kwamba hatari ya kwanza si tumbo bali mapafu. Kiasi kidogo kikipotea njia na kuingia kwenye mapafu husababisha homa kali ya mapafu ndani ya saa chache. Aliyemeza petroli asitapishwe, kwa sababu kutapika ndiko kunakoipa petroli nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajisikia vizuri.

Mhudumu anayesoma makala haya anaweza kuanza na mambo mawili. La kwanza, kila anapokwenda kutibiwa, kabla hajaulizwa, amwambie daktari kwamba anafanya kazi kituo cha mafuta na kwa miaka mingapi. Taarifa hiyo iandikwe kwenye faili. La pili, anunue daftari au bahasha moja na kuhifadhi humo mkataba wake, tarehe za kuanza na kuacha kazi katika kila kituo, jina la mmiliki wa wakati huo, na nakala ya kila jibu la kipimo cha damu. Akihama kutoka Mtoni kwenda Bunju, bahasha hiyo ihame naye. Ambaye hakupimwa alipoanza kazi aombe kupimwa sasa, na mwajiri akikataa, ofisi ya OSHA Kanda ya Pwani ndiyo mahali pa kupeleka taarifa.